Kati ya Mguu na Gurudumu: Historia ya Masta Silinda

Julai 1921, katika mji wa Le Mans nchini Ufaransa, Mmarekani Jimmy Murphy alipanda gari lake la mashindano huku mbavu zake zimefungwa bandeji. Alikuwa ameumia kwenye ajali wakati wa mazoezi. Barabara ya mashindano hayo, Grand Prix ya Ufaransa, haikuwa na lami imara. Ilichimbika kadiri magari yalivyoizunguka, na mawe yaliyorushwa na magurudumu yaliwapiga madereva na kutoboa mitambo. Rejeta ya Murphy nayo ilitobolewa na jiwe. Hata hivyo alimaliza wa kwanza, kwa mwendo wa wastani uliozidi kilomita 125 kwa saa, akiwa Mmarekani wa kwanza kushinda Grand Prix hiyo kwa gari lililoundwa Marekani.

Gari hilo lilikuwa Duesenberg, na injini haikuwa silaha yake pekee. Magurudumu yake yote manne yalikuwa na breki zilizoendeshwa kwa kimiminika, mchanganyiko wa maji na gliserini uliosukumwa na mguu wa dereva kupitia mabomba. Katika barabara ile iliyojaa mawe, Murphy aliweza kuchelewa kukanyaga breki kila alipokaribia kona, na gari likatii bila kuvuta upande. Aliyekuwa na breki za uhakika ndiye aliyethubutu kukimbia.

Miaka zaidi ya mia moja imepita. Kifaa kilichosukuma kimiminika kile, ambacho mafundi wa kwetu wanakiita masta silinda, kimo ndani ya karibu kila gari. Wengi wetu hatujawahi kukiona. Anayemiliki gari la zamani hana budi kukijua, na kukijua maana yake ni kujua kilivyozaliwa. Kila kipande kilichomo ndani yake kiliwekwa ili kuzuia balaa fulani, na fundi asiyeijua balaa hiyo anaweza kuirudisha kwa mikono yake mwenyewe.

Kamba, fimbo na gari linalovuta upande

Kanuni yenyewe ni ya kale. Katika karne ya 17, Mfaransa Blaise Pascal alieleza kwamba shinikizo linalowekwa kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kukandamiza iliyotumia kanuni hiyo: mtu anasukuma pistoni nyembamba kwa nguvu kidogo, na pistoni nene ya upande wa pili inatoa nguvu kubwa. Elimu ilikuwapo, basi, muda mrefu kabla ya gari.

Lakini magari ya mwanzo yalisimamishwa kwa fimbo na kamba za chuma. Pedeli ilivuta fimbo, fimbo ikavuta kamba, kamba ikabana ngoma ya gurudumu. Kila gurudumu lilihitaji kurekebishwa peke yake. Kamba moja ikilegea kidogo kuliko nyingine, gari lilivuta upande. Gurudumu likipanda tuta, urefu wa njia ya kamba ulibadilika na breki ikabana au ikaachia bila ya dereva kutaka. Magurudumu ya mbele yalikuwa na shida zaidi, maana hayo hukata kona, na kamba haipendi kukunjwa huku na huku. Ndiyo sababu magari mengi yaliishi miaka mingi yakiwa na breki za nyuma tu.

Aliyeivalia njuga shida hii alikuwa Malcolm Loughead wa California. Yeye na ndugu yake Allan walikuwa waunda ndege. Mwaka 1913 walirusha ndege yao ya majini juu ya ghuba ya San Francisco. Mwaka 1917 Malcolm alipata hataza ya breki za kimiminika, na baadaye akaiacha kazi ya ndege, akahamia Detroit, mji wa magari, kuuza wazo lake. Jina la ukoo aliliandika kwa tahajia rahisi kusomeka, Lockheed. Allan naye alilitumia jina hilo kwa kampuni ya ndege iliyokuja kuwa maarufu duniani. Ndugu wawili, jina moja: mmoja alijulikana kwa kupaa, mwingine kwa kusimama.

Ngozi inashindwa, mpira unashika

Wazo la Loughead lilikuwa na adui mmoja, naye ni uvujaji. Masta silinda hufanya kazi kama bomba la sindano: pistoni inasukumwa ndani ya tundu la mviringo, na kimiminika kilicho mbele yake kinakimbilia kwenye mabomba. Lakini lazima kitu laini kizibe nafasi kati ya pistoni na ukuta. Kwenye breki za mwanzo kitu hicho kilikuwa ngozi. Ngozi hukauka, husinyaa na hubadilika kwa joto na baridi. Kimiminika kikivuja, mguu unazama hadi sakafuni na hakuna kinachosimama.

Suluhisho lilipatikana kwenye karakana za Walter P. Chrysler. Wahandisi wake Fred Zeder, Owen Skelton na Carl Breer waliuchukua mfumo wa Lockheed, wakauchunguza upya, wakaondoa ngozi na kuweka vikombe vya mpira. Hapa ndipo penye uzuri wa kazi yao. Kikombe cha mpira kina mdomo uliotanuka kidogo, unaogusa ukuta wa silinda. Kadiri dereva anavyokanyaga kwa nguvu, shinikizo linautanua mdomo huo na kuubana zaidi ukutani. Kumbe nguvu ileile iliyotaka kuvujisha ndiyo inayoziba.

Januari 1924 gari la Chrysler lilionyeshwa New York likiwa na breki hizo kwenye magurudumu manne, kwa bei ambayo familia ya kipato cha kati iliweza kuifikiria. Takriban magari 32,000 yaliuzwa katika mwaka wa kwanza. Mwaka huohuo Triumph ya Coventry, Uingereza, ilitoa gari lenye breki za Lockheed. Baadaye kampuni ya Automotive Products ya Leamington Spa ilizitengeneza kwa wingi kwa ajili ya magari ya Kiingereza.

Mpira ulileta sharti lake. Mpira wa asili, ule unaotoka kwenye utomvu wa mti, huvimba na kulainika ukiguswa na mafuta ya petroli. Kwa hiyo mafuta ya injini hayakufaa kwenye breki hata kidogo. Watengenezaji waligeukia mafuta ya mbarika, yale ambayo wengi wetu tunayaita mafuta ya nyonyo, wakayachanganya na alkoholi ili yasigande kwenye baridi. Mafuta haya ya mmea hayaudhuru mpira. Sharti hilo la miaka ya 1920 bado linatawala gereji ya leo: tone moja la oili likiingia kwenye kikopo cha mafuta ya breki linaweza kuharibu raba zote za gari.

Si wote waliokubali haraka. Henry Ford aliamini chuma kinachovuta chuma kuliko kimiminika kinachoweza kumwagika, na magari yake yalibaki na fimbo na kamba hadi matoleo ya mwaka 1939. Volkswagen ya kobe iliyouzwa nje ya Ujerumani ilipata breki za kimiminika mwaka 1950, lakini ile ya bei nafuu zaidi iliendelea kutumia kamba hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wasiwasi wa Ford haukuwa wa kijinga. Kamba moja ikikatika, gurudumu moja limepotea. Raba ya masta silinda ikipasuka, yote manne yamepotea kwa pamoja. Swali hilo lilikuwa halijapata jibu.

Gari dogo na silinda iliyofichwa sakafuni

Oktoba 1948, kwenye maonyesho ya Earls Court jijini London, Morris ilizindua gari dogo lililosanifiwa na Alec Issigonis. Morris Minor lilikuja kuwa gari la kwanza la Kiingereza kufikisha milioni moja, na hadi lilipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1970 zaidi ya milioni 1.6 yalikuwa yameundwa. Lilisafirishwa kwenye makoloni ya Uingereza, Afrika Mashariki ikiwemo, na hadi leo linapendwa na wanaotunza magari ya zamani. Tulichukue liwe mfano wetu, maana masta silinda yake inafundisha mengi.

Kwanza, mahali ilipo. Haikai kwenye boneti mbele ya dereva kama ilivyo kwenye magari ya baadaye. Imefungwa ndani ya boriti ya chasisi, chini ya miguu ya dereva. Ili kuongeza mafuta unanyanyua kapeti, unafungua kifuniko cha sakafu, na hapo unakiona kifuniko cha silinda. Vumbi na mchanga uliojikusanya sakafuni unaweza kudondokea ndani ya mfumo unaohitaji usafi kuliko kitu chochote kingine garini. Ukitaka kuitoa, unakuta boliti zake zimezuiwa na fimbo ndefu ya chuma inayofanya kazi ya springi ya mbele, hivyo fundi analazimika kuisogeza fimbo hiyo kwanza. Wengi, wakishaitoa mara moja, huzirudisha boliti kwa kuzipitishia upande wa pili ili atakayekuja baadaye asiteseke.

Pili, ni silinda moja yenye pistoni moja inayolisha magurudumu manne. Hakuna akiba. Hali hiyo ilikuwa kawaida ya dunia nzima wakati huo, na msiba wa mtu mmoja, pamoja na mingine mingi isiyoandikwa, ulionyesha hatari yake.

Kipete cha Buick

Msiba huo ulitokea Januari 1954 katika jimbo la Michigan, nyumbani kwa magari ya Marekani. Buick za mwaka 1953 zenye breki za kusaidiwa na nguvu ya injini zilikuwa na kipete cha mpira kwenye masta silinda kilichokuwa na kasoro. Mafuta yalivuja, na breki zikafeli ghafla. General Motors iligundua kasoro hiyo na kuwatumia wauzaji wake vipuri vya kubadilisha, ili magari yarekebishwe yanapoletwa kuhudumiwa. Wenye magari hawakuambiwa.

Buick moja ililetwa gereji baada ya breki zake kufeli. Mfanyakazi mmoja wa gereji hiyo, akisahau kwamba gari halina breki, aliliwasha na kulisogeza. Lilimgonga fundi mwenzake, akapoteza mguu. Mwaka 1959 Mahakama ya Juu ya Michigan iliamua kwamba mtengenezaji akishajua kasoro ya hatari katika gari alilokwisha kuuza, ana wajibu wa kuwaonya wanaoliendesha. Uamuzi huo bado unatajwa katika sheria za bidhaa za Marekani, na mzizi wake ni kipande cha mpira ndani ya masta silinda.

Mwaka 1962 Cadillac na American Motors walianza kuweka masta silinda zenye pistoni mbili na njia mbili za mafuta. Njia moja ikipasuka, ya pili inabaki na gari linasimama, hata kama kwa shida. Wasiwasi wa Henry Ford ulikuwa umepata jibu. Mwaka 1965 Ralph Nader alichapisha kitabu chake kilichowashutumu watengenezaji wa magari kwa kupuuza usalama, Unsafe at Any Speed. Mwaka uliofuata Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya usalama wa magari, na kuanzia tarehe 1 Januari 1968 kila gari jipya la abiria lililouzwa Marekani lilitakiwa kuwa na breki zenye njia mbili. Kwa kuwa soko la Marekani lilikuwa kubwa, watengenezaji wa Ulaya na Japani walifuata.

Maji ndani ya mafuta

Wakati pistoni zikiongezeka, mafuta nayo yalibadilika. Mchanganyiko wa nyonyo na alkoholi ulichemka kwa joto dogo mno kwa magari yaliyozidi kwenda kasi. Nafasi yake ilichukuliwa na mafuta ya glikoli, ambayo leo tunayanunua yakiwa na maandishi DOT 3 na DOT 4. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na DOT 4 chini ya 230. Lakini glikoli ina tabia moja: hufyonza unyevu wa hewani, polepole, mwaka baada ya mwaka. Yakishafyonza maji kiasi cha takriban asilimia 4, kiwango cha DOT 3 hushuka hadi nyuzi 140 na cha DOT 4 hadi 155.

Madereva wanaoshuka Kitonga upande wa Iringa, au Mai Mahiu kuelekea Bonde la Ufa, wanaijua hatari hii hata kama hawajui jina lake. Breki zikikanyagwa kwa muda mrefu kwenye mteremko, joto la ngoma hupita hadi kwenye silinda za magurudumu. Mafuta yenye maji huchemka na kuwa mvuke. Mvuke hubanwa, kimiminika hakibanwi. Mguu unazama, na gari halisimami. Katika hewa ya Mombasa, Tanga au Unguja, ambako unyevu ni mwingi mwaka mzima, mafuta huzeeka upesi zaidi. Kubadilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili si anasa kwa mtu wa pwani.

Maji yana madhara ya pili, ya kimyakimya. Hutuama sehemu ya chini ya silinda ya chuma na kuila kwa kutu. Vishimo vidogo hutokea ukutani, na mdomo wa raba unaopita juu yake kila siku huchanika.

Kuihudumia kwa kuielewa

Dalili ya kwanza ya masta silinda iliyochoka ni pedeli inayozama taratibu ukiikanyaga na kuishikilia, ilhali hakuna tone lolote chini ya gari. Raba ya mbele ya pistoni haishiki tena; mafuta yanapita kando yake na kurudi kwenye kikopo. Ukikuta unyevu ndani ya buti la mpira nyuma ya silinda, raba ya nyuma ndiyo inayovuja.

Silinda ikishatolewa, ukiondoa saklipu ya nyuma vipande hutoka kwa mpangilio: pistoni ikiwa na raba yake ya nyuma, washa nyembamba, raba ya mbele, springi, na mwisho valvu. Vipange mezani kama vilivyotoka. Kisha osha kwa spiriti au kwa mafuta safi ya breki, kamwe si kwa petroli wala dizeli, kwa sababu ileile iliyowafanya wahandisi wa miaka ya 1920 wageukie nyonyo.

Sasa tazama ukuta wa ndani kwenye mwanga mzuri. Ukiwa laini, raba mpya zinatosha. Ukiwa na mikwaruzo myepesi, unaweza kusuguliwa kwa vijiwe maalumu vinavyozungushwa na drili, kwa uangalifu. Ukiwa na vishimo vya kutu, usidanganyike: kusugua hadi viishe kutapanua tundu, na raba haitabana tena. Silinda hiyo inahitaji kuvalishwa slivu ya chuma kisichoshika kutu au kubadilishwa.

Yapo matundu mawili kati ya kikopo na silinda, na moja ni dogo kuliko kichwa cha pini. Linasahaulika, nalo lina kazi kubwa. Mafuta yakipata joto huongezeka ujazo, na tundu hilo huyaruhusu kurudi kwenye kikopo pedeli ikiachiwa. Likizibwa na uchafu, shinikizo hubaki kwenye mabomba, breki hujibana zenyewe, nazo huzidi kupata joto hadi magurudumu yagome. Kwa sababu hiyohiyo lazima kuwe na nafasi ndogo ya bure kati ya pistoni na fimbo inayoisukuma kutoka kwenye pedeli. Fundi anayeiondoa nafasi hiyo ili pedeli iwe juu na ngumu anaiacha raba ya mbele ikiwa imeliziba tundu, na breki hazitaachia.

Valvu ya mwisho wa silinda nayo si pambo. Kwenye breki za ngoma kama za Morris Minor, hubakisha shinikizo dogo ndani ya mabomba ili midomo ya raba za magurudumu isilegee na kuvuta hewa.

Kutoa upepo huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda na kumalizia lililo karibu. Mmoja anakanyaga, mwingine anafungua na kufunga skrubu gurudumuni, hadi mafuta yatoke bila mapovu. Kama masta silinda ya zamani haikufunguliwa, usikanyage pedeli hadi sakafuni. Katika matumizi ya kawaida raba haifiki mwisho wa silinda, na huko ndiko kutu ilikojilundika. Raba iliyokuwa nzima asubuhi inaweza kukatwa na kutu hiyo kabla ya jioni. Mafuta yaliyotolewa yasirudishwe ndani, na yakidondokea bodi yaoshwe mara moja kwa maji, maana glikoli hula rangi.

Sheria isiyorudi nyuma

Sheria ya 1968 ilihusu magari mapya. Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kuyawekea magari ya zamani pistoni ya pili. Morris Minor la mwaka 1955 linaloletwa leo kwenye maonyesho jijini Nairobi, likiwa limeng'arishwa, bado linasimamishwa na raba moja, kama siku lilipotoka kiwandani. Hali ni hiyo kwa kila gari la enzi hizo ambalo halijabadilishwa mfumo, na barabara linazopita zina bodaboda, malori na watoto wanaotoka shule.

Kwa hiyo anayechagua kuendesha gari la namna hiyo anachukua wajibu ambao kwenye magari ya leo umebebwa na usanifu. Kwake, njia ya pili ya mafuta ni ukaguzi wa mara kwa mara, mafuta mapya kwa wakati, na fundi anayefungua silinda kabla haijamlazimisha. Ripeakiti ya raba ni rahisi kuliko rangi, kromu na viti vya ngozi ambavyo wapenzi wa magari ya zamani huvigharamia kwa moyo mkunjufu. Ianze hiyo kununuliwa. Mahakama ya Michigan ilisema mtengenezaji anayejua hatari ana wajibu wa kuonya, na mwenye gari la njia moja ya breki, akishaijua historia hii, yumo miongoni mwa wanaojua.